Saa ya Kulala
Mwalimu wa chekechea alikuwa na mwiko mmoja: katika ratiba ya kutwa, saa ya kulala haiguswi. Mengine aliyaandika kwa penseli, akiyafuta na kuyahamisha kila Ijumaa. Hiyo aliiandika kwa wino. Baada ya chakula alipita mkeka kwa mkeka akiwalegezea watoto kamba za viatu na kuwafuta makamasi kwa leso yake mwenyewe.

“Mwalimu, wazazi wanataka wasome, si wakorome,” mwalimu mkuu alisema mlangoni. “Weka hesabu hapo, la sivyo darasa nampa mwingine.”

“Punguza sauti, mkuu. Huyu ndiyo kwanza amelala.” Alikuwa ameketi sakafuni, kidole chake kimefumbatwa na mtoto. “Mtoto aliyechoka anasikia, hashiki.”

Saa ya kulala hakuifuta. Muhula uliofuata alihamishiwa madarasa ya juu, na wale watoto wakapewa mwenzake.