Fundi Aliyebishia Masega Hodi

Kila asubuhi, kabla ya chai, fundi wa mabomba ya moshi hapa Issenye alijilaza chini ya gari la kwanza kuletwa, akagonga kile kidude kilichovimba katikati ya bomba kama anayebisha hodi kwa wakwe. Kisha alitega sikio. Kikicheza ndani, masega yake, yale matundu yaliyopakwa madini ya kusafisha moshi, yamevunjika; kikinyamaza, ni mazima, naye alitabasamu. Mimi niliishia darasa la tano, haya nimeyajua kwa kumtazama kutoka mlangoni kwetu, ng'ambo ya barabara. Mikono yake ilijaa makovu ya kuchomelea na sauti yake ilikuwa ndogo. "Moshi unaingia humu na sumu, unatoka imepungua, na madini yenyewe hayaishi," aliwaambia madereva. "Wataalamu wamehangaika miaka mingi kufika hapa. Sasa madini haya yanaadimika, wanatafuta mengine ya kushika kazi hiyo. Na sisi tunayakata tuyauze!"

Jumatatu bosi wake, mzee Nchagwa, alileta gari la kubebea watalii. "Toa masega, weka bomba tupu. Mnunuzi wa Sirari anangoja."

"Mwenye gari anajua?"

"Wewe ni fundi au padri? Kata, au nenda kwenu!"

Fundi akajilaza, akagonga, akasikiliza. Kimya. Akatoka akijipangusa vumbi. "Mzee, haya ni mazima. Sikati."

Akanawa mikono, akatia mfukoni miwani yake ya kuchomelea, akamwamkia mama yangu shikamoo, akashika njia ya Robanda bila kugeuka. Jioni gari lile liliondoka na masega yake, maana hapa hakuna mwingine ajuaye kuchomelea. Nililisindikiza kwa macho, kifua mbele kama ndugu wa fundi. Yeye hajarudi.