Piano ya upande wa pili wa ukuta: yaliyonikuta Evere na klarineti yangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke.

Naishi Brussels, maeneo ya Evere. Nahudumia wazee majumbani kwao. Alasiri nikirudi napiga klarineti, kitu nilichojifunza bendi ya kanisa kule Moshi.

Mwalimu wangu wa hapa alinipa variations za karne ya kumi na tisa, za klarineti na piano. Kwa wasiojua: melody moja inarudi tena na tena, kila mara imebadilishwa. Mara inakimbia, mara inalia.

Mpiga piano sina. Nikawa napiga part yangu, na pale pa piano nanyamaza na kuhesabu kimoyomoyo.

Siku moja, kwenye variation ya polepole, nikanyamaza. Piano ikaingia.

Kutoka ukutani, wakuu. Taratibu, tempo yangu ileile. Zamu yangu ilipofika sikupiga, nayo ikasimama kama mtu anayenisubiri.



Nikamuuliza jirani yangu, maman Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ni nani anakaa nyuma ya ukuta ule.

"Mule hamuna muntu, tonton. Ile appartement iko vide tangu bamupeleka madame kwa nyumba ya bazee."

Yaani nyumba iko tupu. Madame ni bibi mjane wa Kibelgiji aliyekuwa akikaa humo. Mimi nimehamia yeye ameshaondoka.

Nikaendelea kupiga kila alasiri, na piano ikawa inaniitikia. Niliogopa, lakini sijawahi kupiga vizuri vile maishani.

Halafu siku moja piano ikakatika ghafla. Kishindo. Kimya.

Nikatoka mbio kugonga mlango ule, klarineti mkononi. Hakuna jibu. Maman Furaha akapiga simu zimamoto, wakaja wakavunja.

Bibi alikuwa sakafuni, amevaa koti, nyonga imevunjika. Kumbe alikuwa anatoroka kule kwa wazee, anapanda basi, anaingia kwa ufunguo wake wa zamani.

Akaniangalia, akaangalia klarineti. Akasema kwa Kifaransa, "Nilijua utaanza kupiga tena."

Binti yake baadaye aliniambia marehemu baba yao alikuwa mpiga klarineti, na variations hizohizo walikuwa wakipiga na mkewe.

Sasa wakuu, ningeishia hapo. Shida ni kwamba chumba kilikuwa kitupu. Piano hakuna. Zimebaki alama za miguu ya piano kwenye sakafu ya mbao. Iliuzwa siku bibi alipohamishwa.

Mtu wa zimamoto akaniuliza nilijuaje kuna mtu ndani. Nikasema nimesikia kishindo. Ningemwambia nini kingine?

Nilichojifunza: ukisikia jambo kwa jirani, gonga, hata kama umeambiwa hamna mtu. Daktari alisema angekaa pale hadi asubuhi tungemzika.

Siku hizi Jumapili naenda kumpigia. Anaweka vidole juu ya meza na kucheza part yake, macho amefumba, na mimi nasikiliza kwa makini.

Sisikii kitu. Sijui nifurahi au nisikitike.

Wenye uelewa wa mambo haya, nisaidieni. Pale ukutani nilikuwa napiga na nani?