Maji ya Mchangani Hayachotwi kwa Pupa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunijia akilini kila nifunguapo kitabu asubuhi. Nilikuwa kijana bado, nimerudi kwetu Kalama kutoka Uarabuni na masanduku yangu, redio kubwa, na diploma ya usimamizi wa maghala niliyoisomea huko huko baada ya saa za kazi. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Nalisema hilo bila haya, kwa maana mkono mtupu haulambwi, na wangu haukurudi mtupu. Nilimjengea mama nyumba ya mawe yenye mabati mekundu, ya kwanza upande ule wa mlima. Ukipita barabara ya juu utaiona hata leo.

Lakini nyumba ilipokwisha, moyo ulianza kuniwasha. Kila asubuhi nilisimama barazani nikaona vilima vilevile na mbuzi walewale, na majirani wakinipungia mkono, "Sasa Mutisya, unarudi lini?" kana kwamba mimi ni mgeni wa kupita. Wakala wa kazi mjini Machakos alikuwa ameniahidi mkataba mwingine huko Uarabuni, na Ijumaa angenipigia simu apate jibu langu. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwenda. Kilichonivuta nyuma ni mama tu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, nami ndimi mwanawe wa pekee.

Mama alikuwa msomaji hodari. Alifundisha watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu kwa miaka mingi, na kila alfajiri, kabla ya kwenda mtoni, alisoma ukurasa mmoja wa kitabu chochote kilichopatikana, kiwe cha dini, cha hadithi au cha ufugaji wa kuku. Macho yalipofifia aliniomba neno moja, nimsomee ukurasa wake. Nikamsomea. Nami nikisoma huwa kama cherehani, sisiti wala sikwami. Sijui kijana mwingine wa rika langu aliyenishinda.

Ijumaa ile nilimsomea hadithi ya baba aliyerejea kwake baada ya miaka mingi ugenini. Nikamaliza kabla chai haijapoa, nikaongeza na kurasa nyingine juu yake. Mama hakunisifu. Alichukua fimbo yake akasema, "Twende mtoni."

Wewe uliyezaliwa ukakuta bomba uani huenda hujui haya. Kiangazi kikikaza, mto wetu huwa mchanga mtupu, na maji hujificha chini yake. Unachimba shimo, unachota yale ya kwanza yenye tope na kuyamwaga, kisha unakaa kungoja mengine yajichuje. Mimi nilichimba kwa nguvu, na maji yalipochungulia tu nikatumbukiza bakuli, nikamimina mtungini.

Mama Ndunge, jirani yetu aliyekuwa amekaa kwenye shimo lake, alicheka hadi akashika kiuno. "Wee Mutisya! Huo ni uji umetupikia? Huko Uarabuni mlikuwa mnakunywa matope?"

"Niko na haraka, mama. Kuna simu nangojea."

"Basi huyo wa simu mwambie akuje anywe!"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Mama yangu hakucheka. Alipapasa mchanga kwa fimbo, akaketi kando ya shimo langu.

"Mutisya wakwa, Mutisya wangu," akasema, "yule baba wa asubuhi, alipofika nyumbani alisalimia nani kwanza?"

Nikatafuta kichwani, nisipate. Maneno hayo niliyatamka kwa mdomo wangu asubuhi ileile, lakini yalikuwa yamepita kama mvua juu ya mwamba.

"Hakusalimia mtu," mama akasema. "Aliweka kiganja kwenye mwimo wa mlango, akasimama hapo mpaka moyo wake ukafika. Mwili ulikuwa umetangulia. Nimeukalia ukurasa huo tangu tulipotoka nyumbani, nikijiuliza kama moyo wako umefika. Ukitaka kwenda, nenda, mimi sitakushika shati. Lakini usiondoke mahali ambapo hujafika. Sasa mwaga hayo matope, tungoje."

Nikayamwaga, tukangoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka maji ya mchangani huinama kisha akatulia. Nilichuchumaa nikiangalia maji yakipanda taratibu na mchanga ukitua, nami nikarudi kwenye ule ukurasa, safari hii bila kitabu. Nikamwona yule baba mlangoni. Nikasikia njiwa kwenye kingo za mto, na punda wa Mama Ndunge akipiga kwato, sauti ambazo bila shaka zilikuwapo siku zote hizo. Ndipo simu ikaita mfukoni. Nikaitoa, nikaitazama, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza, kwa kuwa maji yalikuwa karibu kutakata.

Sikurudi Uarabuni. Mama alitibiwa macho baadaye, akaweza kusoma mwenyewe, ila ukurasa wa alfajiri tuliendelea kusomeana hadi Mungu alipomchukua. Leo nina pojo shambani, machungwa bondeni, na kabati la vitabu ambavyo hata walimu huja kuazima kwangu. Najivunia vyote hivyo. Lakini ukiniuliza ni lini nilianza kushiba, nitakuonyesha lile shimo la mchangani.

Kwa hiyo, mwanangu, soma. Soma hata kidogo, ila usifunge kitabu ukakimbilia kingine. Beba sentensi moja uende nayo shambani, jikoni au kazini, uigeuzegeuze mpaka itakate na uone uso wako ndani yake. Siku isiyo na jambo jipya ina mengi kwa anayeikalia. Na kama ni kusafiri, safiri, dunia ni pana nami nimeiona, lakini kwanza ufike hapo ulipo.

Mungu akupe macho ya kusoma na subira ya kungoja. Kisima chako kisikauke kiangazi wala masika, na kila mlango utakaougusa, moyo wako uufikie pamoja na mkono.