Kombe la Samli

Wakati huo nilikuwa mnene, na sisemi kwa kuona haya. Mjini kwetu mwanamke akipita mlangoni kwa ubavu, wenziwe humwambia mashaallah, mumeo anakutunza. Aliyejisifu kwa unene wangu kuliko mimi mwenyewe ni dada yangu mkubwa. Mama yetu alikufa mimi sijamaliza kuota meno, yeye akanilea, na kila mgeni aliyeingia kwetu lazima asimuliwe vile alivyopokea kijitoto cha mifupa mitupu akakitia nyama kwa mikono yake. Hapo hunishika juu ya kiwiko akanibinya mbele ya watu, nami hucheka. Nimeshazaa watoto watatu, bado nabinywa.

Ngiri ilinitoka kitovuni baada ya mtoto wa tatu. Mwanzo ilikuwa kivimbe tu, nikikohoa chatoka, nikilala charudi. Kisha, katikati ya vita vile vikubwa, siku moja kilitoka kikakataa kurudi. Nilitapika tangu asubuhi mpaka alasiri, na mume wangu, aliyekuwa karani forodhani, akaacha kazi akaja kunipeleka hospitali.

Daktari alikuwa Mzungu. Alikibonyeza kile kivimbe polepole mpaka kikarudi, akanawa mikono, akasema maneno machache, na nesi akanitafsiria. Utumbo wangu unapita kwenye tundu, na siku moja utanasa usirudi tena, na hiyo ndiyo itakuwa siku yangu ya kufa. Dawa yake ni kisu. Lakini kwa mafuta niliyokuwa nayo, kunilaza kwa dawa ya usingizi ni hatari, na kidonda hakitashika. Kwanza nipungue ratili thelathini. Alinipa miezi minne.

Yule nesi alikuwa mama wa Kirabai, Mkristo, mtu wa maneno machache. Aliniambia nije kila Alhamisi anipime kwenye mizani, kisha nikae naye barazani tuzungumze. Nilimwuliza tuzungumze nini, mimi si mgonjwa wa kichwa. Akasema amewaona wengi wanaofika siku ya kisu wakapigana na watu wanne mezani kwa woga, na mwili unaopigana haulali vizuri. Basi alinipeleka kuona chumba chenyewe kikiwa kitupu, nikaigusa ile meza. Alinipa kitambaa wanachofunika puani, hakina dawa, nipumue kwa utaratibu. Mara ya kwanza nilikitupa chini. Mara ya tatu nilihesabu mpaka ishirini.

Halafu akaniuliza naogopa nini hasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia naogopa kuvuliwa nguo mbele ya wanaume, na naogopa kufa usingizini pasina shahada mdomoni. Hakucheka. Alisema atanifunika yeye mwenyewe kwa leso yangu, na kitambaa hakitanigusa pua mpaka niseme nimemaliza kutamka. Nililia palepale barazani, mtu mzima mimi, na buibui langu.

Nyumbani nilimweleza dada. Alitazama chini, kisha akasema atahama kwake Bondeni aje akae nami. Alikuwa mjane, watoto wake wameshaoa. Jiko alishike yeye, mimi nisikaribie chungu nikatamanishwa na harufu. Wallahi nilimbusu mikono. Na kweli alipika kama nesi alivyoagiza: samaki wa kuchemsha kwa ndimu, mchicha, kipande kimoja cha muhogo, tui marufuku. Mahamri aliwakaangia watoto nje uani nisiyaone.

Na kwa ajili ya moyo wangu akaniletea kombe. Aliniambia mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani sote wawili, ameandika aya kwa zafarani kwenye sahani, aya za kutuliza hofu, na ameagiza zisioshwe kwa maji ya waridi peke yake, bali kwa samli ya moto na asali, bakuli zima, asubuhi, adhuhuri na magharibi. Samli siku za vita ilikuwa adimu. Alikuwa akiitafuta mpaka kwa jamaa wa bara. Mimi nilipiga bismillahi nikanywa mpaka tone la mwisho, kwa sababu kombe haliachwi chini. Na moyo ulitulia kweli, siwezi kusema uongo.

Mizani ndiyo haikutulia. Mwezi wa kwanza nilikuwa palepale. Mwezi wa pili niliongezeka. Daktari alisoma karatasi, akanitazama juu mpaka chini, akasema neno, na nesi akachelewa kulitafsiri. Nikamwambia aseme tu. Akasema daktari anadhani nala kwa siri, na mwezi ujao ikiwa vivyo hivyo atalifuta jina langu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe nilijielekezea mimi. Nilianza kujishuku. Huenda naamka usingizini nikala bila kujijua! Nilimwambia mume wangu afunge kabati la halua na tende, ufunguo atembee nao. Niliwauliza watoto wangu, kwa haya iliyoje, kama wamewahi kumwona mama yao akila mafichoni. Dada alikuwa amekaa pale pale akipeta mchele. Aliniambia nisijisumbue, miili haifanani, pengine Mungu hataki nipasuliwe. Na akanyanyuka akanitengenezea bakuli.

Alhamisi iliyofuata nesi hakunipima. Aliniambia leo hataki kujua nimekula nini. Ataka kila kitu kilichopita mdomoni tangu alfajiri, hata mate. Nikaanza: maji ya kusukutua, uji wa mtama bila sukari, kombe, maji, samaki. Akanisimamisha. Kombe ni nini? Nikamweleza, na nikamwonya mapema kwamba hicho si chakula, ni dua, asije akalitia kwenye hesabu yake. Akaniuliza lina kiasi gani. Nikamwonyesha bakuli kwa mikono. Akaniuliza mara ngapi.

Aliinama akatengeneza mkunjo wa gauni lake. Kisha akasema kwa adabu kwamba dua hawezi kuigusa yeye, lakini nikamwulize mwalimu kama maji matupu hayatafaa.

Nilikwenda moja kwa moja kutoka hospitali. Mwalimu alikuwa na wanafunzi. Nikasimama nyuma ya pazia, tukaamkiana, akauliza hali ya mwili. Nikamwambia nimekuja kumwomba, hilo kombe alilotuandikia, je, lazima lioshwe kwa samli na asali? Akasema yeye hakutaja samli wala asali. Alisema maji ya waridi, funda tatu. Kisha akaongeza, kwa furaha ya kweli, kwamba alishukuru sana aliposikia nimeghairi.

Nikamwuliza, "Nimeghairi nini, mwalimu?"

"Kisu, mwanangu. Dada yako alinambia umekiacha, sasa wataka mwili na siha irudi. Nami nikakuandikia kwa nia hiyo."

Nilishika mwimo wa mlango. Samli ningeisamehe. Samli ni chakula, mtu aweza kumlazimisha nduguye chakula kwa mapenzi. Lakini mimi nilikuwa nafumba macho mara tatu kwa siku, naomba nipewe moyo wa kwenda, na ndani ya bakuli lilelile dada yangu alikuwa ameniombea nisiende. Mwalimu naye kaandika kwa nia safi, maskini, bila kujua anatumiwa.

Nilimkuta jikoni. Sikupiga kelele, majirani zetu ukuta mmoja. Nilimwambia nimetoka chuoni. Hakukana. Aliweka mwiko chini, akapangusa mikono, na uso wake ukawa wa mtu aliyedhulumiwa yeye.

"Mwili huo ni kazi yangu," alisema. "Nilikupokea huna kitu. Sitaukondesha mimi kisha niupeleke ukachinjwe."

Nikamwambia daktari amesema nitakufa nisipopasuliwa, na alilisikia hilo siku ile ile niliporudi. Alisema madaktari husema mengi. Nikamwambia nilijishuku wazimu mbele yake, nikawauliza watoto wangu mbele yake, naye akapeta mchele. Nilimfungia nguo zake mwenyewe kwenye shuka, nikamwita mwanangu mkubwa ambebee mpaka Bondeni.

Sikula tena kilichopikwa na mkono mwingine. Nilichemsha samaki wangu, nikanywa maji yangu, na usiku nililia kwa njaa na kwa jambo lile, sijui lipi zaidi. Mizani ikashuka. Nilimsimulia nesi yote, na akaenda mwenyewe kwa daktari, akarudi na mwezi mmoja wa nyongeza. Daktari hakuniomba samahani, lakini jina langu hakulifuta.

Asubuhi ya kisu nilikuwa nimekaa kitandani wodini, nywele zimesukwa mbili, leso yangu mapajani. Majirani walikuwa wamekuja jana yake tukatakana radhi, kama ilivyo desturi kwa mtu anayekwenda safari asiyojua mwisho wake. Dada hakuwamo. Sasa akaingia, peke yake, buibui limeliwa jua mabegani. Kwetu mdogo ndiye amtakaye radhi mkubwa. Yeye alipiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Niwie radhi," alisema. "Usiende na kinyongo changu moyoni."

Nesi alikuwa mlangoni na kitanda cha magurudumu. Alitutazama, akageuza uso, akasubiri. Nilijua mtu haendi mbele ya Mola wake hivyo. Nilijua pia kwamba miezi yote ile nesi alikuwa akinifundisha kutua kila nilichobeba kabla ya siku hii, na woga nilikuwa nimeutua, na haya nimeitua.

"Nimekuwia radhi, dada," nikasema.

Nilisema ili auache mkono wangu. Aliniinulia uso akanitazama kwa makini, kisha akauacha. Amenilea tangu sijamaliza kuota meno, anajua sauti yangu nikisema kweli na anajua nikidanganya.