Chombo Kisichodanganya

Murunga alikuwa fundi wa vitanda pale mtaa wa Kongo, Kawangware, jijini Nairobi, na kama kuna mtu aliyeipigia debe intaneti mwaka wa tisini na tisa, ni yeye. Kompyuta yenyewe hakujua hata kuiwasha. Lakini binamu yake Elvis alifanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti, huko Riruta Satellite, akamwonyesha ukurasa ambapo watu wa kwao, walioko Nairobi na walioko ng'ambo, waliandikiana habari: nani kaoa, nani kazaa, nani kafa. Tangu siku hiyo hakushika randa bila kuhubiri.

"Redio inaweza kudanganya," aliwaambia wateja. "Lakini kitu dunia yote inasoma, nani atajaribu kuweka uongo hapo?"

Mama yake alipokuja kumtembelea kutoka Bungoma, hakuafiki. Habari ya kifo, alisema, huletwa na mtu mwenye miguu, aketi, alie nawe. Neno lisilo na uso utaliuliza nini? Murunga alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mayi, wewe ni wa zamani. Kile chombo hakidanganyi. Kikisema jambo, wewe amini tu."

Alimwimbia hivyo kila jioni, mpaka mama akachoka kubishana, akarudi kwao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu alikuwa na masikio ya mapambo.

Kisha akapata kazi ya kutengeneza viti vya kanisa huko Narok. Aliondoka bila kuaga mtu, kama ilivyo desturi ya mafundi kazi inapoita. Akiwa huko, moto ukapita Gatwekera, Kibera, alikokuwa amepanga chumba, na chumba chake kikawa majivu. Elvis alifika, akauliza majirani, hakuna aliyekuwa amemwona. Akarudi saiba na kuandika kwenye ukurasa kwamba Murunga haonekani tangu moto. Hakuandika kwamba amekufa. Lakini Khamala aliyeko Amerika akajibu pole, wa pili akaandika lala salama, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Watu wazima, wamesoma, na hata mmoja hakuuliza mwili uko wapi!

Murunga aliporudi na msumeno wake begani, Sella, jirani aliyeuza samaki wa omena, aliangusha sinia. Hakumsalimu. Alirudi kinyumenyume, akawaita watoto ndani na kufunga mlango. Murunga akatembea kwa miguu hadi saiba ya Elvis kule Satellite.

"Manze, ni wewe?" Elvis alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Sisi tulijua umededi!"

Akamfungulia ukurasa. Pole zilishuka kwenye kioo moja baada ya nyingine, kila moja na jina lake. Ya mwisho ilitoka kwa jamaa wa nyumbani, aliyewasomea wazee habari hiyo. Kwa kuwa mwili haukupatikana, wazee walikuwa wamezika shina la mgomba mahali pake, kama afanyiwavyo mtu aliyepotea. Nelima, mkewe, alikuwa amenyoa nywele za msiba.

"Futa," Murunga akasema.

"Hii naeza futa saa hii. Lakini ile ya home..."

Wote wawili walijua kwamba mtu ambaye kaburi lake limeshafukiwa haingii langoni kwao kama anayetoka sokoni.

Elvis akapiga simu duka la karibu na nyumbani kwao Bungoma, mwenye duka akamwita mama. Murunga alishika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

"Mayi, ni mimi. Niko hai."

Alimsikia mama akiwafukuza watoto waondoke kwenye simu.

"Mayi, kile chombo kilikosea."

"Uliniambia hakidanganyi, baba," mama alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. "Nikakuamini. Tumekuzika vizuri, na watu walikuwa wengi. Sasa usije mlangoni, watoto wanaogopa."

"Mayi, si unasikia sauti yangu?"

"Naisikia. Lakini sauti isiyo na uso, baba, nitaiuliza nini?"

Kisha akamsikia akimsihi mwenye duka akate simu.