Nisindikize Mpaka Chini

Walimwita Mzee Mitumba, na hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuitafutia klabu ya mpira wa kikapu wachezaji huru, yaani wale ambao mikataba yao imekwisha na hakuna timu iliyowapigia simu tena. Klabu kubwa zilinunua dukani. Yeye alichakura kwenye rundo. Alijisifu kwamba anaweza kuokota shati lililokunjamana, akalikung'uta, akaona kuwa limepungukiwa kifungo kimoja tu. Watu walicheka, naye akacheka kuwashinda. Asichosema ni kwamba shati halina mke wala watoto.

Hakuwa mtu wa kushinda viwanjani. "Uwanjani kila mtu mwongo," alizoea kusema. Mchezaji anayetafuta timu humeza vidonge vya maumivu, akaruka mpaka ukamwonea wivu, kisha kesho yake mkewe ndiye anayemvalisha soksi. Kwa hiyo Mzee aliwafuata nyumbani, na kama mtu alikaa ghorofani alifurahi zaidi. Alifika bila haraka, akaomba maji tu. Alitazama viatu vilivyopangwa mlangoni, maana viatu havijui kuficha idadi ya walaji. Halafu alinyamaza. Alinyamaza mpaka mwenye nyumba akaanza kujipunguzia bei mwenyewe.

Alipoaga alisema, "Nisindikize mpaka chini, mwanangu." Nani atakataa kumsindikiza mgeni, tena mtu mzima? Hapo kwenye ngazi ndipo kazi yake yote ilipokuwa. Kupanda, mtu anaweza kujifanya. Kushuka hakuna kujifanya. Mzee alitangulia hatua mbili, akasikiliza mguu upi unatua kwa uzito kuliko mwenzake, mkono upi unatafuta reli, pumzi inakatikia wapi. Wakifika chini alishajua ni goti gani, na bei ilikuwa imeteremka pamoja nao.

Msimu ninaousimulia, yeye mwenyewe alikuwa amekalia kuti kavu. Tajiri mwenye klabu alipougua alimwachia binti yake ukurugenzi, na binti huyo, mwenye miaka thelathini na moja na daftari jembamba la kijani, alitaka kujua kila mtu pale anakula mshahara kwa sababu gani. Mkataba wa Mzee ungekwisha siku ya mwisho ya msimu. Angekuwa peke yake asingebabaika. Lakini mkewe alikuwa anapofuka. Jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda. La kushoto, daktari alisema, lingeokolewa kwa upasuaji, na zamu yake ilikuwa tarehe tisa ya mwezi unaofuata msimu. Mlipaji alikuwa bima ya klabu. Mkataba ukifa, bima inakufa, na jicho nalo.

Lilikuwepo jambo jingine, ambalo hata mkewe hakulijua. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeliwa. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akiuma meno mpaka ikubali kuamka. Kule klabuni alipanda ngazi akijifanya anaongea na simu, akisimama kila baada ya hatua sita kucheka na mtu asiyekuwepo. Maana msaka wachezaji asiyeweza kupanda ngazi za watu ni nani? Ni mzee tu mwenye hadithi.

Jumatatu moja Mkurugenzi alimwita ofisini.

"Nataka mtu mrefu wa kusimama chini ya kikapu," alisema. "Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa. Na nina nusu ya bei ya soko, basi."

"Utampata, binti."

"Na nitakwenda na wewe. Nataka kuona unafanyaje."

Hapo ndipo alipopaswa kusema hapana. Angesema wachezaji wanaogopa mabosi, angesema gari ni bovu, angesema chochote. Lakini katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwomba amfundishe kitu, na sifa ilimpanda kichwani. Njia nzima alimwaga ujuzi wake, kidole kikicheza kwenye kioo cha mbele.

"Usikubali chakula. Ukila umekuwa ndugu. Maji tu."

"Maji tu," Mkurugenzi alirudia, akaandika.

"Tafuta nani mle ndani anagharimu. Yuko mmoja kila nyumba. Mgonjwa, au mtoto mwenye matatizo. Ukimwona, usimwulizie. Mwangalie tu, mwenye nyumba akuone unamwangalia."

"Na nikishindwa kukaa kimya?"

"Hesabu vigae. Anayesema kwanza ndiye anayelipa."

Mkurugenzi aliandika na hilo pia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Waliyekwenda kumwona aliitwa Nguzo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na klabu yake ilikuwa imemwacha miezi mitano nyuma kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Alikaa ghorofa ya nne. Alipofungua mlango aliinama, kama walivyozoea kuinama watu wa urefu ule, uso ukachanua.

"Shikamoo, baba. Nilijua utakuja."

Alimwita baba kwa haki. Mzee ndiye aliyemtoa kiwanja cha vumbi akiwa na miaka kumi na tisa, akamnunulia viatu vyake vya kwanza vilivyomtosha. Mlangoni mlikuwa na jozi saba. Ndani, nyuma ya kochi, mama mkwe wake alilala kwenye godoro, nusu ya mwili imepooza, macho yakiwafuata wageni. Watoto waliandikia kazi za shule juu ya meza ya kupigia pasi. Mkewe alitaka kuwaandalia chakula.

"Maji tu, mama," alisema Mzee.

Kisha akamtazama mgonjwa, na kimya kikaingia kikakaa nao. Mkurugenzi alihesabu vigae. Nguzo alisugua viganja, akamtazama mkewe, akatazama dirisha.

"Nimeshusha, baba," alisema hatimaye. "Theluthi mbili ya ile ya zamani."

Mzee alikunywa maji.

"Basi hata nusu. Nusu inatosha kabisa."

"Nashukuru kwa maji," Mzee alisema akiinuka. "Nisindikize mpaka chini, mwanangu."

Walishuka. Mzee alitangulia akijikaza kisabuni kwa ajili ya nyonga yake, masikio yakiwa nyuma. Ghorofa ya tatu, mguu wa kulia ulitua kwa uzito. Ya pili, reli ililia. Ya kwanza Nguzo alianza kupiga soga kwa sauti kubwa kuhusu fainali fulani ya zamani, na mtu anayeongea ngazini anaficha kitu. Walipofika chini Mzee aligeuka, akamshika bega mtu aliyemzidi kwa kichwa kizima na shingo.

"Goti la kulia."

Nguzo aliutazama mguu wake.

"Nusu ni bei ya mtu mwenye magoti mawili, mwanangu. Wewe nakupa theluthi."

"Baba, yule mama mkwe wangu..."

"Nimemwona. Ndiyo maana sikusema robo."

Sitaki kumpamba. Wapo wanaofanya ukatili huku roho ikiwauma, na huyu hakuwa mmoja wao. Siku ile ilimkolea, kwa sababu alikuwa na mtazamaji. Nguzo alisaini juu ya boneti ya gari, mgongo umepinda, akaomba jambo moja tu, kwamba mama watoto asiambiwe ni theluthi.

"Na akivunjika?" Mkurugenzi aliuliza walipokuwa njiani.

"Kifungu cha sita, nilikitunga mwenyewe. Mchezaji akishindwa kucheza, klabu itampa kazi nyingine yoyote mpaka mkataba uishe, kwa mshahara uleule. Afue jezi, akate tiketi mlangoni. Hakuna kinachopotea."

Mkurugenzi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Mzee kumwona meno. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mambo yamekaa vizuri, na jicho lihesabiwe limepona.

Nguzo alicheza mechi sita. Alidaka ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, kwa ujanja badala ya kuruka, akawazuia vijana kwa makalio na maneno, timu ikajinasua kushuka daraja. Mechi ya saba alitua vibaya akiwa peke yake, hakuna aliyemgusa, na uwanja mzima ulisikia goti. Walimtoa kwa machela iliyokuwa fupi, miguu ikining'inia. Mzee alitazama ubao wa matokeo. Timu ilikuwa mbele kwa kumi na moja. Hakwenda hospitali. Alijiambia atakwenda wiki ijayo, na wiki hiyo haikufika.

Wiki moja kabla ya msimu kwisha, Mkurugenzi alipiga simu kwamba Jumamosi mchana atapita nyumbani kwa Mzee. Mzee alifurahi mpaka akaimba bafuni. Kufukuza mtu hufanywa ofisini, alimweleza mkewe; bosi anayekuja nyumbani amekuja kuongeza. Hebu fikiria, mtu aliyeingia nyumba za watu miaka kumi na tisa kwa nia ileile anasema hivyo, tena kwa moyo mweupe!

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye ngazi za nje zinazoonekana kutoka barabarani. Mkurugenzi alifika amevaa viatu visivyo na kisigino. Alivivua mlangoni, na kabla ya kuingia aliangalia viatu vilivyokuwepo, jozi mbili. Mke wa Mzee alikuwa ameshapasha chakula.

"Maji tu, mama," alisema Mkurugenzi.

Mzee alimgeukia. Mkewe alileta jagi na glasi, akamimina kama alivyozoea sasa, ncha ya kidole ikining'inia ndani ya glasi ili ajue maji yamefika wapi. Mkurugenzi alikitazama kidole kile. Kisha akageuza macho taratibu mpaka kwa Mzee, akahakikisha ameonwa akitazama.

Akanyamaza.

Mzee alikijua kimya kile, na alijua nani hulipa. Alifunga mdomo. Alihesabu vigae vya sebuleni kwake, vilikuwa thelathini na viwili, akavirudia. Angeweza kukaa vile mpaka jua lizame, nadhani angemshinda. Lakini katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumsimulia mkewe jinsi kazi ile inavyofanywa.

"Mwanangu," mama alisema akielekea mahali alipodhani mgeni amekaa, "upasuaji wangu ni tarehe tisa. Wanasema jicho hili bado lina matumaini. Mungu awabariki kwa hiyo bima."

"Nyamaza, mke wangu," Mzee alisema. Halafu akasikia mdomo wake mwenyewe ukiendelea. "Hata nusu, binti. Niko tayari kwa nusu."

Mkurugenzi aliweka glasi chini.

"Nashukuru kwa maji. Nisindikize mpaka chini, mzee wangu."

Walishuka, binti ametangulia hatua mbili, hageuki. Mzee aliapa hatashika reli. Ghorofa ya kwanza kutoka juu aliimaliza kwa hasira tu. Ya pili, nyonga ilimchoma mpaka machozi, na mkono ukaenda wenyewe. Akajikuta anaanza kusimulia fainali fulani ya zamani kwa sauti kubwa, akajisikia, akanyamaza.

Chini, gari la klabu lilikuwa limeegeshwa likitazamana na ngazi. Kioo kilikuwa wazi. Kiti cha mbele kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na aliyekikalia alikuwa Nguzo, magongo mawili yamelala ubavuni, daftari la kijani liko mapajani.

"Shikamoo, mzee," alisema. Hakusema baba.

"Haya?" Mkurugenzi alimwuliza.

Nguzo alitazama daftari. "Nyonga. Ya kushoto. Si ya mwaka huu, amekuwa akiificha."

"Umeona, mzee wangu," Mkurugenzi alisema kwa upole kabisa, na upole ule ulikuwa wa kwake Mzee, alimfundisha mwenyewe. "Huyu tunamlipa mpaka mwakani, vyovyote iwavyo. Kufua jezi hawezi, hawezi kuinama. Lakini wachezaji wote wasio na timu anawajua, na wanamfungulia mlango. Kifungu chako cha sita. Kazi yako ataifanya yeye, kwa theluthi."

"Na bima?"

"Inakwisha na mkataba. Jumatano."

Mzee alishika ukingo wa dirisha la gari. Alimwita Nguzo mwanangu. Alimwambia kuhusu jicho, kwamba limebaki moja, kwamba ni siku chache tu zinazopungua, aseme neno, amwombee mama yake aliyeko juu. Aliongea sana, bila mpangilio, jinsi walivyoongea wengine wote chini ya ngazi zao.

Nguzo alimwacha amalize.

"Kwangu kuna jozi saba, mzee," alisema. "Ulizihesabu."

Gari liliondoka. Mkewe alikuwa ametoka barazani ghorofa ya tatu, mikono juu ya ukuta, uso umeelekea barabara ambako hakuna mtu.

"Wameondoka?" aliita. "Amesema nini? Amekubali?"

Mzee alizitazama ngazi. Akashika reli kwa mikono miwili, kwa kuwa hapakuwa na wa kumficha tena.

"Nakuja," alisema. "Nakuja kukwambia."