Shikamoo ya Katikati ya Uwanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini nimevaa njumu. Nilidhani mchezaji anayekwenda kusaini anatakiwa afike amejiandaa, kwa hiyo nilitembea kutoka Buguruni hadi Mchafukoge na njumu miguuni, meno yake yakigonga lami ko-ko-ko, na wenye maduka wakitoka milangoni kuniangalia. Ofisi ya klabu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la khanga, na duka hilo lilikuwa mali ya Katibu Mkuu wetu. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Wewe ndiye namba tisa mpya?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Vua hayo madude kabla hujanitoboa zulia."

Nikasaini peku. Vijana wa siku hizi husaini mbele ya kamera, wamevaa suti na miwani ya jua, nami huwatazama kwenye simu nikacheka peke yangu. Lakini furaha naijua ni ile ile! Niliposhuka ngazi zile, njumu nimezining'iniza shingoni, nilitamani kumwambia kila mpita njia wa Kariakoo kwamba tangu leo mpira si mchezo tena, mpira ni kazi yangu.

Klabu yetu ilivaa zambarau. Watani wetu walivaa rangi ya chungwa, na ofisi yao ilikuwa mitaa michache tu kutoka kwetu. Ubishi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wiki ya mechi ya watani hakuna shabiki wetu aliyekula chungwa, na muuza matunda mwenye akili aliyaficha chini ya meza mpaka refa apulize filimbi ya mwisho. Hiyo ndiyo Kariakoo iliyonilea.

Sasa shida yangu ilikuwa moja. Beki wa kati wa watani, beki kisiki hasa, alikuwa Danfodi, na Danfodi alikuwa kaka yangu. Si wa tumbo moja. Tulikua nyumba jirani kule Masasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga mpira katikati ya mikorosho, ndiye aliyenitumia ujumbe nije Dar, na kwa miezi yote niliyohangaika kutafuta timu nililala kwenye mkeka wake, chumba cha kupanga Buguruni. Nilipomwambia nimesaini kwa watani wake akaangua kicheko.

"Yaani nimemlea nyoka chumbani kwangu! Haya, hamia kambini kwenu. Tutaonana uwanjani."

Kambi yetu ilikuwa Upanga. Huko ndiko Kocha Mkuu, Mchagga mfupi mwenye sauti kubwa, alikonifundisha kazi upya. Mimi nilijua kufunga, lakini sikujua kwa nini nafunga. Yeye alinifundisha kukaa kisogoni, yaani kusimama pale ambapo beki hawezi kukuona wewe na kuuona mpira kwa wakati mmoja. Akigeuka kukutafuta, amepoteza mpira. Akitazama mpira, wewe umeshaondoka. Alinifundisha pia kusubiri. Ukitangulia nusu hatua nyuma ya beki wa mwisho kabla mpira haujapigwa, umeotea, na mshika kibendera hana huruma na mtu wa Masasi.

"Hamisi, usiutazame mpira kama hujawahi kuuona!" alikuwa akifoka. "Mpira utakuja tu. Mtazame beki!"

Wiki tatu tu baadaye ikaja mechi ya watani. Jamani! Asiyewahi kuingia uwanjani siku ile hajui mshtuko ni nini. Sauti ya watu huisikii masikioni, unaisikia kifuani. Niliona zambarau upande mmoja, chungwa upande wa pili. Tumejipanga mstari katikati ya uwanja, wapinzani wanapita mbele yetu, na hapo ndipo nikamwona Danfodi.

Wenyeji wa Kariakoo walijua jambo ambalo mimi sikulijua. Kila klabu ilikuwa na kamati ya ufundi. Msidanganywe na jina, kazi yake haikuwa ufundi wa kupiga pasi. Wale wazee ndio walioamua tupite mlango gani, nani aingie wa kwanza, na tuepuke nini. Na mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa kumpa mtani mkono kabla ya mechi, kwa sababu ukimpa mkono umempa nguvu zako. Hakuna aliyeniambia. Labda walidhani kila mtu anazaliwa akijua.

Mimi nilizaliwa nikijua jambo lingine: hupishani na mkubwa wako ukanyamaza. Nikatoka kwenye mstari. Nikainama, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama tulivyofunzwa nyumbani.

"Shikamoo, kaka."

Danfodi alishtuka. Yeye mwiko aliujua. Lakini angeniachaje na mkono hewani mbele ya umati ule? Akaupokea.

"Marahaba, mdogo wangu. Umejimaliza."

Upande wa zambarau wote ukapoa. Na mpira wenyewe ukaja kunisuta. Dakika za lala salama, bila kwa bila, nikamhadaa Danfodi, akateleza akaanguka, nikabaki na kipa uso kwa uso. Bao lile hata bibi yangu angefunga. Nikapaisha! Mpira ukaenda kwa mashabiki, na filimbi ya mwisho ikalia tukiwa suluhu.

"Kauza! Kauza mechi!"

Neno hilo lilinifuata Kariakoo nzima. Mama lishe wa Mchafukoge, aliyekuwa akiniongezea maharage bila kuombwa, alifunika sufuria aliponiona. "Nenda kale kwa kaka yako," akasema. Niliumia, sifichi. Kukosa bao kunauma siku mbili, lakini kuitwa msaliti ukiwa hujasaliti kunakunyima usingizi.

Nikaitwa ofisini. Safari hii sikuwa na njumu. Katibu Mkuu alikaa mezani, Kocha Mkuu dirishani, na mzee wa kamati ya ufundi kwenye kiti kizuri kuliko vyote.

"Mkono wake wa kulia umeufunga mguu wake wa kulia," alisema mzee. "Huyu aondoke."

"Mzee wangu," Kocha akajibu, "ule mpira kaupiga kwa mguu wa kushoto."

Katibu alikohoa kuficha kicheko, kisha akakata shauri. Kulikuwa na mechi ya marudiano. Ningeanza siku hiyo. Nikifunga, nabaki na jina langu linasafishika. Nisipofunga, mkataba unavunjwa, narudi Masasi nikaokote korosho na neno "kauza" mgongoni maisha yangu yote.

Tulipotoka, Kocha alinivuta pembeni ngazini.

"Unajua kwa nini ulikosa?"

"Mkono, kocha?"

"Mkono nini! Danfodi alipoanguka uligeuka kumtazama. Ulitaka kumwinua! Sikiliza, kijana. Ukimchezea kwa huruma unamdharau. Cheza naye kwa nguvu zako zote, ukimaliza kazi ndiyo umwinue."

Tangu siku hiyo hadi marudiano, alinikalisha mazoezini wenzangu wakishaoga. Winga wa kulia anamwaga majalo, zile krosi za juu zinazoshuka mbele ya goli, nami nafanya kitu kimoja tu: najifanya nakwenda nguzo ya mbali, namwachia beki aamini, halafu nakata mbele yake kwenda nguzo ya karibu. Tulirudia mpaka winga akaniomba msamaha kwa kosa asilolifanya, ili tu niseme basi.

Siku ya marudiano ikafika. Kamati ikatuamuru tusipite getini, kwa hiyo timu nzima, na suti za mazoezi na mabegi, tukaruka ukuta wa nyuma. Kipa wetu mnene alikwama juu, tukamsukuma kama gunia la mchele la Kariakoo. Kwangu mzee wa kamati alileta dawa maalumu: ndimu moja, niifumbate mkono wa kulia mpaka filimbi ilie, nisije nikaamkia mtu tena.

Nikasimama kwenye mstari, ngumi imefumba ndimu. Danfodi akapita. Alipunguza mwendo mbele yangu, akaitazama ngumi, akanitazama usoni, akaenda zake. Mtu niliyelala kwenye mkeka wake! Roho iliniuma kuliko siku ile niliyopaisha. Hata mdomo wangu haukufunguka, maana Katibu, mzee na mashabiki wote wa zambarau walikuwa wakiutazama.

Filimbi ikalia, nikaitupa ndimu, nikakumbuka ngazi za Mchafukoge. Nguvu zako zote, Hamisi! Nilimsumbua Danfodi kipindi chote cha kwanza, naye hakunionea haya. Alinipiga kiwiko cha ubavu ambacho mvua ikinyesha bado nakisikia. Kipindi cha pili mvutano ukawa ule ule. Saa ya uwanjani inakimbia, mashabiki wetu wameanza kunizomea, na nikaanza kuiona korosho kwa macho.

Kisha winga akapata nafasi. Nikaenda nguzo ya mbali, hatua tatu, na nikamsikia Danfodi akinifuata. Akainua macho kuutazama mpira. Nikakata! Nilipita mbele ya pua yake, nikauwahi ule mpira kwa kichwa kabla ya kipa, na nyavu zikatikisika.

Sijui nilikimbia kwenda wapi. Nakumbuka zambarau yote imesimama, nakumbuka Katibu Mkuu, mtu mzima mwenye kanzu, amempakata mzee wa kamati. Na niliporudi kwenye goli nikamkuta Danfodi amekaa kwenye nyasi. Kazi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nikampa mkono nimwinue. Safari hii hakuna aliyeita "kauza".

"Marahaba," akasema.

"Sikukuamkia, kaka."

"Umeniamkia sasa hivi, kwa kichwa. Marahaba, mdogo wangu."

Kesho yake mama lishe alinijazia sahani mpaka maharage yakamwagika.

Baada ya hapo kazi ilininyookea. Nilicheza chini ya makocha wanne, nikaenda misimu miwili Uarabuni, ambako Mkurugenzi wa Ufundi alinifundisha kula vizuri na kulala mapema, nikarudi kwenye zambarau yangu nikiwa nahodha. Danfodi alikuwa ameshaacha mpira, anauza spea za pikipiki Buguruni, na kila mechi ya watani alikaa jukwaani, upande wa chungwa, akinizomea kwa upendo.

Mechi yangu ya mwisho ya watani sikujua kama ni ya mwisho. Goti lilikuwa likilalamika, lakini goti gani la mshambuliaji halilalamiki? Tumejipanga mstari, wapinzani wanapita, na beki wao mpya, kijana wa Nachingwea, akatoka kwenye mstari wake. Akainama mbele yangu, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee! Nikageuka nyuma kuangalia anamwambia nani. Upande wa chungwa ulikuwa umeanza kupoa, na nilijua kinachomngoja yule kijana akiteleza leo. Mkono wake ulikuwa hewani. Ningeweza kuuacha, kama mimi nilivyomwacha Danfodi apite.

Nikaupokea kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Sasa sikiliza. Usinihurumie."

Naye hakunihurumia! Wala mimi sikumwachia. Dakika za lala salama, bila kwa bila, jalo likamwagwa. Nikaenda nguzo ya mbali, hatua zangu tatu zile zile, nikamsubiri ainue macho, nikakata. Kila kitu nilikifanya sawasawa. Lakini kijana alikuwa ameshafika. Akauondoa mpira safi, bila kunigusa hata jezi, nami nikapitiliza nikaanguka, na chungwa yote ikalipuka ikiimba jina lake. Halafu akanipa mkono aniinue.

Nilichosikia pale chini hamtaamini: furaha. Niliumia, ndiyo, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Nikamtazama Kocha, nikazungusha mikono kuomba nitoke.

Barua ya kustaafu niliipeleka Jumatatu, juu ya duka lile lile la khanga. Siku hizi nafundisha washambuliaji wadogo wa mtaani, na wananiuliza siri. Nawaambia kaeni kisogoni, msiotee, na mkimwona mkubwa wenu mwamkieni, hata kama anavaa rangi isiyo yenu. Kisha mfungeni.

Wananiuliza pia nilijuaje kwamba muda wangu umefika. Nawaambia sikujua mimi, alijua kaka yangu. Jioni ile nimekaa peke yangu chumba cha kubadilishia nguo, njumu bado mguuni, mlango ukafunguliwa, akaingia Danfodi na jezi yake kuukuu ya chungwa. Kwa miaka yote ile hakuwahi kukanyaga upande wetu.

"Nimeona umeamkiwa," akasema.

"Nimeamkiwa, kaka."

Akainama, akaanza kunifungua kamba za njumu.

"Haya, vua. Twende nyumbani tukale."